Vyeti vya London na mpiga dramu: Mtihani wa madaraja unapima nini?

Na Mwandishi Wetu

KATIKA kwaya nyingi za makanisa ya Dar es Salaam, Nairobi na miji mingine ya Afrika Mashariki, waimbaji hushika karatasi za sol-fa na mpiga kinanda huwa na daftari lake. Mtu pekee asiye na karatasi mbele yake ni yule aliyeketi nyuma ya dramu.

Hakuna aliyemwandikia kitu, na mara nyingi hakuna aliyemfundisha. Alianza kwa kukaa karibu na mpigaji aliyemtangulia, akashika vijiti siku ambayo mkubwa huyo alichelewa ibada, na tangu siku hiyo kiti kikawa chake.

Mijini, hata hivyo, ipo pia njia nyingine. Baadhi ya wazazi wenye uwezo, hasa wale ambao watoto wao husoma katika shule zinazofuata mitaala ya kimataifa, huwalipia watoto hao mafunzo ya dramu yanayoishia kwenye mtihani wa madaraja unaosimamiwa na bodi zenye makao yake nchini Uingereza. Mtoto hupanda kutoka daraja la kwanza hadi la nane, na kila apandapo hupewa cheti.

Swali ambalo mzazi angepaswa kujiuliza kabla ya kutoa fedha zake ni hili: cheti hicho kinathibitisha nini hasa? Je, kijana mwenye daraja la tano anaweza kukaa nyuma ya kwaya siku ya Jumapili na wimbo usiyumbe?

Jibu fupi ni kwamba si lazima aweze. Jibu refu linahitaji kueleza mtihani wenyewe ulitoka wapi na unafanyikaje.

Mitihani ya muziki ya madaraja ni zao la Uingereza ya karne ya 19. Chuo cha Trinity cha London, kilichoanzishwa mwaka 1872, kilianza kutahini watu wasio wanafunzi wake mwaka 1877. Mwaka 1889 vyuo viwili vikuu vya muziki vya London, Royal Academy of Music na Royal College of Music, viliungana kuunda bodi ya pamoja ambayo leo hujulikana kwa kifupi kama ABRSM. Shabaha ilikuwa kuweka kipimo kimoja kinachoaminika, ili mzazi wa mji mdogo aliyemlipa mwalimu wa piano aweze kujua kama fedha yake imefanya kazi.

Mitihani hiyo ilisafiri pamoja na himaya ya Waingereza. Nairobi, ambako chuo cha Kenya Conservatoire of Music kilianzishwa mwaka 1944, ni miongoni mwa miji ya Afrika Mashariki ambako watahiniwa wa piano, violini na uimbaji wamekuwa wakipimwa kwa mfumo huo kwa muda mrefu.

Dramu haikuwamo katika msafara huo, na sababu yake inaeleweka. Chombo chenyewe ni kichanga. Ngoma moja moja ni za kale, lakini mkusanyiko wa ngoma na matoazi unaopigwa na mtu mmoja kwa mikono na miguu haukuwezekana vizuri hadi kilipopatikana kikanyagio cha kupigia ngoma kubwa kwa mguu, ambacho William F. Ludwig wa Chicago alikipatia hataza mwaka 1909. Matoazi mawili yanayofungwa na kufunguliwa kwa mguu wa kushoto yalifuata katika miaka ya 1920.

Kwa miongo mingi baadaye dramu ilihesabiwa kuwa chombo cha kumbi za dansi na baa, na wakubwa wa vyuo vya muziki hawakuona sababu ya kuitahini. Hata leo mtihani wa ala za kupiga wa ABRSM unahusu ngoma ndogo ya kijeshi, timpani za okestra na ala za mfano wa marimba. Seti ya dramu haimo.

Mwaka 1991 ilianzishwa Rockschool, bodi iliyojikita katika gitaa, besi na dramu na muziki wa kizazi kipya wa nchi za Magharibi. Trinity nayo ina mtihani wa dramu, na mwaka 2012 iliongeza mfululizo mwingine wa mitihani ya muziki wa roki na pop. Kwa hiyo zaidi ya miaka 100 ilipita kati ya mtahiniwa wa kwanza wa piano na wakati ambapo mpiga dramu aliandaliwa bodi inayoufahamu muziki wake. Pengo hilo lilikuwa na athari. Mpangilio wa mtihani ulikuwa umekwisha kukomaa kwa mahitaji ya mtu anayecheza peke yake chumbani, na dramu ikaingizwa ndani ya mpangilio huo.

Chukua mfano wa Rockschool, ambayo alama zake ni 100. Nyimbo tatu zilizoandaliwa zina alama 20 kila moja, jumla 60. Mazoezi ya ufundi wa mikono na miguu yana alama 15. Kusoma nota ambazo mtahiniwa hajapata kuziona, au kubuni mdundo papo hapo, kuna alama 10. Majaribio ya sikio yana 10, na maswali ya mdomo kuhusu muziki na chombo yana 5. Anayepata alama 60 amefaulu; vipo viwango viwili vya juu zaidi vya kufaulu, kuanzia alama 74 na kuanzia alama 90. Shughuli nzima huchukua kama dakika 20 kwa madaraja ya chini na nusu saa kwa yale ya juu.

Sehemu ambayo watoto huichukia kuliko zote ni ile ya mazoezi ya ufundi, na kwa maoni ya mwandishi wa makala haya ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote.

Sehemu hiyo hupima mapigo ya msingi, ambayo kwa mpigaji ni kama irabu na konsonanti kwa msomaji. Kuna kulia, kushoto, kulia, kushoto. Kuna kulia mara mbili, kushoto mara mbili. Kuna pia mseto uitwao paradidili: kulia, kushoto, kulia, kulia, kisha kushoto, kulia, kushoto, kushoto. Anayeusikia kwa mara ya kwanza huona ni mchezo wa watoto. Faida yake ni kwamba mkono unaoongoza hubadilika kila baada ya mapigo manne bila mwendo kukatika, kwa hiyo mpigaji anaweza kuhamia ngoma ya upande wowote bila mikono yake kugongana.

Asili ya mapigo haya ni jeshini, kwa wapiga ngoma waliokwenda na vikosi vya askari wa miguu. Mwaka 1933 wapigaji wa Marekani waliunda chama kilichochagua mapigo 13 kuwa ya lazima, kisha wakaongeza mengine 13. Mwaka 1984 jumuiya ya wapigaji iitwayo Percussive Arts Society iliyapanga upya yakafika 40, na orodha hiyo ndiyo inayofahamika duniani hadi leo.

Asidhani mtu kwamba ni mambo ya magwaride tu. Steve Gadd wa Marekani, ambaye alipitia vikundi vya ngoma za gwaride kabla ya kusoma katika chuo cha muziki cha Eastman mjini Rochester, ndiye aliyepiga dramu katika wimbo wa Paul Simon wa mwaka 1975 uitwao 50 Ways to Leave Your Lover. Mdundo wa mwanzo wa wimbo huo, ambao wapigaji wa dunia nzima wamejaribu kuuiga, ni mapigo ya gwaride yaliyogawanywa kwa ustadi kati ya ngoma ndogo, matoazi na mguu.

Mpigaji aliyejifunzia kanisani au kwenye bendi ya mtaani mara nyingi ana mkono mmoja wenye nguvu na mwingine unaofuata. Anajua kuuficha udhaifu huo, na ameuficha kwa miaka mingi kiasi kwamba hata yeye hauoni. Mtihani unaufichua. Mtahini anapomtaka aanze zoezi kwa mkono wa kushoto, au alipige polepole kwa mapigo 70 tu kwa dakika, hakuna pa kujificha, kwa sababu kupiga polepole kwa usawa ni kugumu kuliko kupiga kwa kasi.

Faida ya pili ni kusoma. Nota za dramu huandikwa kwenye mistari mitano kama nota nyingine, lakini hapa mstari hauonyeshi sauti ya juu au ya chini; unaonyesha chombo cha kupigwa. Ngoma ya mguu hukaa chini, ngoma ndogo huwa katikati, na matoazi huandikwa juu kwa alama ya msalaba badala ya kichwa cha duara. Mtu mwenye bidii anaweza kuelewa misingi yake katika wiki chache.

Hapa ndipo yule mpigaji asiye na karatasi anapopata hasara ya kweli. Yapo malipo yanayokwenda kwa wasomaji wa nota peke yao: bendi za maonyesho katika meli za kitalii, okestra za michezo ya kuigiza yenye nyimbo, na kazi za kurekodi ambako mpangaji wa muziki huleta karatasi asubuhi na kutaka wimbo uwe umekwisha kabla ya mchana. Mpigaji wa sikio anaweza kuwa hodari kuliko msomaji, lakini anahitaji kuusikia wimbo kwanza, na huko hakuna anayempa nafasi hiyo. Sol-fa aliyoizoea mwimbaji wa kwaya haimsaidii, maana dramu haina do wala re.

Majaribio ya sikio nayo si ya kubeza. Mtahiniwa husikilizishwa mdundo mfupi, kisha hutakiwa kuurudia kama alivyousikia. Kwa mpigaji wa kanisani hili ni jepesi. Ndiyo kazi yake ya kila Jumapili. Kwa mtoto aliyefundishwa kwa karatasi tangu siku ya kwanza, dakika hizo chache huwa ngumu kuliko mtihani wote uliobaki.

Hadi hapo mtihani unastahili sifa. Tatizo lake kubwa liko mahali ambapo wazazi wengi hawapatazami.

Nyimbo tatu zinazobeba alama 60 kati ya 100 kwa kawaida hupigwa pamoja na muziki uliokwisha kurekodiwa. Gitaa, besi na kinanda hutoka kwenye spika, na mtoto hupiga juu yake. Muziki huo hauchoki, haukimbii, hausahau ubeti. Mwendo wake umewekwa na mashine na hautasogea hata kidogo tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwa hiyo mtoto hujifunza kufuata. Na kazi ya mpiga dramu, pale anapokuwa na watu halisi mbele yake, ni kuongoza.

Bendi ya watu watano hukimbia inapofika kwenye kiitikio kwa sababu damu imechemka. Kwaya hubaki nyuma kwa sababu akina mama wa safu ya nyuma hawamwoni mwalimu. Mhubiri hudakia katikati ya wimbo na kutaka urudiwe taratibu. Katika hali zote hizo watu humgeukia mpiga dramu, hata kama hawajui kwamba wanafanya hivyo, na yeye ndiye anayeamua kama wimbo utasimama au utaanguka. Hakuna hata alama moja kati ya zile 100 inayopima uamuzi huo.

Wala mtihani haupimi uvumilivu. Nusu ya saa ya mtihani, pamoja na maswali na mapumziko, haina mengi ya kumwambia mtu kuhusu bendi ya dansi inayopiga kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri. Haupimi kama mpigaji anajua kupunguza sauti ili mwimbaji asikike katika ukumbi wenye dari la bati. Haupimi kama anaweza kukaza ngozi ya ngoma iliyolegea, jambo ambalo kila mpigaji wa bendi hulazimika kulijua kwa sababu vyombo anavyovikuta si vyake.

Ndiyo maana baadhi ya wapigaji wakubwa wa Afrika hawakupita njia hii kabisa. Tony Allen, aliyezaliwa Lagos mwaka 1940 na kufariki Paris mwaka 2020, alianza kujifunza mwenyewe akiwa na umri wa miaka 18, wakati alipokuwa fundi katika kituo cha redio. Alisikiliza sahani za Art Blakey na Max Roach, akayachanganya aliyoyasikia na midundo ya nyumbani kwao, na kuanzia mwaka 1964 alipiga na Fela Kuti kwa kiasi cha miaka 15. Muziki wa Afrobeat unavyojulikana leo umesimama juu ya miguu na mikono yake.

Hapa nyumbani, watu wazima bado wanazikumbuka ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, mpigaji asiyeona aliyezimudu ngoma nyingi kwa wakati mmoja, na ambaye mlio wake ulitangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Nota zilizoandikwa zisingemfaa mtu huyu, lakini taifa zima lilimtambua kwa mapigo machache tu.

Mfano wa Burundi unaonyesha jambo jingine. Ngoma za kifalme za nchi hiyo, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2014, hupigwa na kundi lililojipanga nusu duara kuizunguka ngoma ya katikati iitwayo inkiranya. Ngoma nyingine zinashikilia mwendo usiokatika, na nyingine hufuata yale yanayosemwa na ile ya katikati. Kijana huingia katika kundi akiwafuata wakubwa, na kosa lake hujulikana papo hapo kwa sababu wenzake wote hulisikia. Huo nao ni mtihani, na unapima kile hasa ambacho chumba cha mtahini hakiwezi kukipima.

Isieleweke kwamba mwandishi anawashauri wazazi waachane na vyeti. Tony Allen mmoja hawezi kuwa mfano wa kila mtoto wa Kinondoni au Kileleshwa, na kwa kila mpigaji aliyefika mbali bila mwalimu wapo wengine wengi waliokwama kwa sababu hakuna aliyewarekebisha mkono wa kushoto. Lililo muhimu ni namna mtihani unavyotumiwa.

Matumizi mabaya kuliko yote ni ya kugeuza mtihani kuwa mtaala. Mwalimu anayetaka matokeo mazuri, na mzazi anayetaka cheti kabla ya mwaka kwisha, hukubaliana bila kutamka kwamba mtoto atapiga nyimbo tatu zile zile mwezi baada ya mwezi hadi zitoke bila kosa. Mtoto hupata alama 90. Kisha shangazi anamwomba apige wimbo wa harusi ambao kila mtu mtaani anaujua, naye anakaa kimya kwa sababu haumo katika kitabu.

Dalili ya hali hiyo si ngumu kuitambua. Mzazi amuulize mtoto ni nyimbo ngapi anazoweza kupiga nje ya zile za mtihani. Kama jibu ni chini ya kumi, basi kuna kasoro katika ufundishaji, hata cheti kikiwa kizuri namna gani.

Kasoro ya pili inahusu maudhui. Midundo inayotawala vitabu vya bodi hizi ni ya roki, fanki, bluzi, jazi na mitindo ya Karibiani na Amerika ya Kusini. Ni midundo mizuri na yenye mengi ya kufundisha, tena mingi ina asili yake Afrika. Lakini kijana anaweza kufika daraja la nane bila kupiga sebene hata mara moja, bila kuijua chakacha, bila kusikia kwamba mdundiko wa Wazaramo unaweza kuhamishiwa kwenye seti ya dramu. Bendi mbili kubwa za dansi za Dar es Salaam, Msondo na Sikinde, zinajulikana kwa majina yenye asili ya ngoma, na mpigaji anayetaka kazi katika muziki wa namna hiyo atalazimika kujifunza upya karibu kila kitu isipokuwa namna ya kushika vijiti.

Upo mlango mmoja ambao walimu wengi hawautumii. Rockschool na pia Trinity, katika mitihani yake ya roki na pop, humruhusu mtahiniwa kuleta wimbo wa kuchagua mwenyewe badala ya baadhi ya nyimbo za kitabu, ilimradi ugumu wake ulingane na daraja analofanyia na masharti ya bodi yafuatwe. Hakuna kinachomzuia mwalimu wa Dar es Salaam kuandika nota za wimbo wa dansi wa nyumbani na kuutuma. Kazi yenyewe ya kuuandika wimbo huo, pigo kwa pigo, ingemfundisha mwanafunzi zaidi ya wimbo wowote uliochapishwa London.

Kuna mambo mengine ya vitendo ambayo yangeweza kumwokolea mzazi fedha nyingi.

Kwanza, si lazima kuanzia daraja la kwanza. Bodi zote tatu zilizotajwa hazidai kwamba mtahiniwa awe amefaulu daraja la chini kabla ya kufanya la juu. Kijana aliyepiga kanisani kwa miaka kumi hana sababu ya kulipia daraja la kwanza, la pili na la tatu. Amtafute mwalimu amfundishe kusoma nota na amnyooshe mikono kwa miezi kadhaa, kisha ajaribu daraja la nne au la tano moja kwa moja. Ada za mitihani hii hupanda kadiri daraja linavyopanda, lakini jumla ya ada za madaraja matatu yaliyorukwa si ndogo, ukizingatia kwamba chanzo chake ni paundi.

Aidha, ile kanuni ya ABRSM inayowataka watahiniwa wengi wa daraja la sita na kuendelea wawe wamefaulu kwanza daraja la tano la nadharia haiwahusu wapiga dramu wa Rockschool wala Trinity. Wapo wanaoogopeshwa nayo bure.

Tangu janga la Uviko-19 la mwaka 2020, bodi zimekubali pia mitihani ya kurekodiwa kwa video. Rekodi haitakiwi kuhaririwa. Mtoto akikosea katikati, kosa hubaki au anaanza upya. Mabadiliko hayo yana maana kubwa kwa familia za Mwanza, Mbeya au Kisumu, ambazo zamani zingelazimika kumsafirisha mtoto hadi mji ambao mtahini angefikia.

Kuhusu thamani ya cheti katika elimu ya juu, wazazi wasichanganye nchi. Uingereza hukihesabu katika pointi za kuombea chuo kikuu: kwa utaratibu ulioanza na udahili wa mwaka 2017, daraja la nane la upigaji lililofaulu kwa kiwango cha juu kabisa hutoa pointi 30, wakati A moja ya A-level hutoa 48. Madaraja ya kwanza hadi la tano hayatoi pointi yoyote. Tanzania udahili wa shahada hutegemea matokeo ya kidato cha sita au stashahada, kwa hiyo cheti cha dramu hakitamsogeza kijana katika foleni hiyo.

Ikumbukwe pia kwamba daraja la nane si shahada. Katika mfumo wa sifa wa Uingereza linawekwa ngazi moja na A-level, na kwa vyuo vikuu vya muziki vya huko ndiyo hali ambayo mwombaji anatarajiwa kuanzia.

Jambo la mwisho haliulizwi sana hata na watahini: masikio. Dramu ndani ya chumba kidogo hupita kwa urahisi desibeli 100, wakati wataalamu wa afya kazini huanza kutahadharisha penye desibeli 85 kwa saa nane. Mtoto anayejiandaa kwa mtihani hurudia zoezi moja mara mia kwenye chumba hicho hicho. Vizibo vya masikio ni vya bei ndogo, na pedi ya mpira ya kufanyia mazoezi inatosha kwa sehemu kubwa ya mapigo ya msingi. Majirani wa nyumba za kupanga nao watashukuru.

Mtihani ukimalizika, mtahiniwa hupata pia ripoti ya mtahini, yenye alama za kila sehemu na maelezo mafupi. Cheti huwekwa kwenye fremu sebuleni na ripoti hiyo hutupwa au hupotelea kwenye mafaili. Ingefaa iwe kinyume chake. Pale palipoandikwa kwamba mwendo uliongezeka katika mapigo ya kupambia, au kwamba mguu wa kulia ulichelewa, ndipo penye somo la miezi mitatu ijayo, na mwalimu wa kwaya angefurahi kuisoma karatasi hiyo kabla ya kumkabidhi kijana vijiti siku ya Jumapili.